Harufu tamu kwenye kichupa, nikiwasha mshumaa siisikii: ninunue nini kabla sijaanza kuuza?

BintiNuru (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu kwa muda mrefu, leo zamu yangu kuomba msaada.

Natengeneza mishumaa nyumbani, ile ya kwenye glasi. Nimegawia ndugu na majirani, wamesifia. Najua ndugu husifia chochote cha bure, lakini imenipa moyo nataka kuanza kuuza. Nilipopata akiba kidogo nikaingia kununua harufu, na kila nikifungua kichupa naona hiki nacho siwezi kukiacha. Nimerudi nyumbani na harufu 22. Lavenda, vanila, ndimu, msandali, mdalasini, moja inaitwa "upepo wa bahari" na nyingine hata sijui zinanukia nini. Nta ni ya soya, kilo tano. Utambi nilichukua pakiti moja tu, maana niliona utambi ni utambi.

Sasa yanayonisumbua. Mshumaa ukiwa umezimwa unanukia vizuri, nikiuwasha mpaka niuinamie ndipo nasikia kitu. Halafu unachimba shimo katikati, nta ya pembeni inabaki imesimama kama ukuta wa kisima. Na ule wa vanila niliumimina mweupe, wiki ya pili umegeuka kahawia.

Naomba ushauri: harufu zipi zinatoka sokoni, nichukue za mimea au za maabara, na vifaa gani ni vya lazima? Nawasilisha.

Kibatari

Harufu 22, utambi aina moja. Dada, umeshona shela kabla ya kupata mchumba.

FundiNta

Mwacheni, wote tulipita hapo. Mimi nilikuwa na harufu 30 na kipimajoto sina.

Dada BintiNuru, matatizo yako mawili ya kwanza ni tatizo moja. Mshumaa unaowaka hautoi harufu kwenye mwali. Harufu inapanda kutoka kwenye lile dimbwi la nta iliyoyeyuka juu. Dimbwi likiwa dogo kama kifuniko cha chupa, harufu inayotoka nayo ni ya kiasi hicho, hata kama ndani umetia mafuta ya bei ghali. Kisima chako kinasema utambi ni mdogo kuliko glasi.

Kwa hiyo geuza mpangilio wa manunuzi. Chagua glasi kwanza, moja tu, na uhakikishe utaendelea kuipata. Kisha nta. Kisha utambi unaolingana na upana wa ile glasi ndani ya ile nta. Harufu ndiyo ya mwisho, na ikibadilika huenda utambi nao ukabadilika, maana kuna mafuta mazito yanayoubana mwali na mengine mepesi yanayouachia. Ndiyo sababu harufu 22 ni mzigo: kila moja inadai majaribio yake.

Watengenezaji wa tambi huzipanga kwa namba za ukubwa. Chukua namba tatu zinazofuatana, mimina glasi tatu zenye nta ileile, harufu ileile, kipimo kilekile, zitofautiane utambi tu. Washa. Hesabu ya kawaida ni saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana. Dimbwi lifike ukingoni au karibu sana, kina chake kama sentimita 1 hivi. Likichimba shimo, panda namba. Mwali ukirukaruka, glasi ikitiwa masizi, ncha ya utambi ikiota donge kubwa la masizi kama uyoga, shuka namba. Usihukumu kwa mwasho mmoja: washa, zima, kata utambi, washa tena mpaka glasi iishe. Mshumaa unaoanza kwa adabu unaweza kufanya fujo ukifika nusu, kwa sababu joto linabanwa na kuta za glasi.

Andika kila kitu kwenye daftari, kichwani hakikai.

Nijibu haya: glasi yako ina upana gani kwa ndani? Harufu unapima vipi? Unaitia nta ikiwa na nyuzi ngapi? Na ulisubiri siku ngapi kabla ya kuwasha?

BintiNuru

Upana ni sentimita 8. Harufu napima kwa kifuniko cha kichupa, kimoja kwa glasi, nikiona haitoshi naongeza cha pili. Nyuzi sijui, sina kipimajoto, natia nta ikishayeyuka. Kuwasha, niliwasha kesho yake, sikuweza kuvumilia.

MizaniMbele

Hapo kwenye kifuniko ndipo biashara yako itakapofia. Nunua mzani wa dijitali unaosoma gramu mojamoja kabla ya kichupa kingine chochote.

Kila kitu pima kwa uzito, nta na mafuta. Ujazo unadanganya, maana mafuta haya hayana uzito sawa: mililita 10 za mdalasini na mililita 10 za ndimu hazilingani mzanini. Nta nyingi za soya hubeba harufu kati ya asilimia 6 na 10, na kila nta ina kikomo chake alichokiweka mtengenezaji, kiheshimu. Mfano, gramu 1000 za nta kwa asilimia 8 ni gramu 80 za mafuta. Wengine huhesabu asilimia ya mchanganyiko mzima. Hao kwenye kilo moja ya mchanganyiko huweka mafuta 80 na nta 920. Njia zote mbili sawa, ila shika moja usiiache, la sivyo mshumaa wa leo hautafanana na wa mwezi ujao na mteja atagundua.

Kuongeza kifuniko cha pili hakuongezi harufu. Nta ikishiba, mafuta ya ziada yanatoka jasho juu, yanaziba utambi, na yakiwa dimbwi karibu na mwali ni hatari ya moto.

Kuhusu nyuzi: kwa soya watu wengi hutia harufu kwenye nyuzi 75 hadi 85 za Selsiasi, wanakoroga polepole dakika mbili kamili, kisha wanaacha ipoe ndipo wamimine. Fuata karatasi ya maelekezo iliyokuja na nta yako. Koroga taratibu, siyo kupiga kama unapiga mayai, utajaza mapovu.

Na ule haraka wako wa kesho yake! Soya inataka kukaa wiki moja mpaka mbili ikiwa imefunikwa ndipo uipime harufu. Parafini siku chache zinatosha. Inawezekana kabisa ulimhukumu mtoto akiwa bado tumboni.

Mkurya_wa_Mwanga

Naongezea. Angalia kwenye kichupa kuna namba ya joto la kushika moto. Ikiandikwa 60, usitie harufu nta ikiwa juu ya 60, itaungua yote. Ndiyo sababu hausikii kitu.

FundiNta

Mkuu, hapo sikubaliani nawe, na hii imezagaa sana. Namba ile inaeleza joto ambalo mvuke wa mafuta unaweza kushika moto ukikutana na mwali au cheche. Ni ya usalama wa kuhifadhi na kusafirisha. Haina maana kwamba harufu inatoweka ukifika hapo. Ukiichanganya kwenye nyuzi 80 mbali na moto, ikaingia kwenye nta, haiendi popote. Kuiacha jikoni inachemka nusu saa bila kifuniko ndiko kunakoipeperusha.

Mkurya_wa_Mwanga

Sawa, nimeelimika. Miaka miwili nahangaika na nyuzi 60.

Kibatari

Mimi nauliza tu, kwa nini asitumie parafini yaishe? Inatoa harufu kwa nguvu na haina mambo ya kusubiri wiki mbili.

MizaniMbele

Anaweza. Parafini inatokana na mafuta ya petroli, soya ni mafuta ya mmea yaliyogandishwa kwa haidrojeni. Kuna wateja wanaouliza hilo, kuna wasiojali. Wapo wanaochanganya zote mbili wapate nguvu ya moja na ulaini wa nyingine. Ila asibadilishe nta sasa hivi, ataanza majaribio upya. Na asishtuke akiona maua meupe kama ukungu kwenye soya, ni tabia yake, haiharibu mwako.

ManukatoYaJioni

Nauza mishumaa muda sasa, niseme upande wa harufu.

Asili au maabara: usianze na mafuta ya mimea matupu. Ya ndimu na machungwa ni mepesi, yanaruka haraka, ndani ya mshumaa unayasikia kwa shida. Na neno "asilia" halimaanishi salama, kuna mafuta ya mimea yenye madhara kwa paka na mbwa. Chukua mafuta ya harufu yaliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa. Narudia, ya mishumaa. Manukato ya mwilini yana spiriti, usiyasogeze kwenye nta ya moto. Yale ya kuchanganya na maji kwenye vifaa vya kufukiza hayaungani na nta.

Muuzaji mwombe karatasi mbili: ya usalama wa bidhaa, na cheti kinachofuata viwango vya IFRA, shirika la kimataifa la watengenezaji manukato. Mishumaa iko kundi la 12, utaona kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Akikuzungusha, hama. Ila usichanganye mambo: cheti kikiruhusu asilimia 50 haina maana nta yako itabeba 50.

Vanila yako haijaharibika. Ina vanilini, na hiyo hugeuza nta kahawia siku zinavyokwenda. Mimi niliacha kupigana nayo, nauza vanila kwenye glasi nyeusi. Wengine wanatia rangi ya kahawia makusudi, anayeona anadhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Sasa zipi zinauza. Hakuna atakayekujibu bila kujua wateja wako, lakini naweza kukwambia namna ya kujua. Chagua nne za familia tofauti: ya maua, ya mbao, tamu, na safi ya kuchangamsha. Usimuulize mtu "hii nzuri?", atasema nzuri. Mpangie zote nne mwambie achague moja tu ya kuondoka nayo. Anayoibeba ndiyo jibu. Pia usiamini pua yako ukishashinda nayo kutwa nzima, pua inazoea. Washa chumbani, funga mlango, mwite mtu aliyekuwa nje, uangalie uso wake kabla hajasema.

Zile 18 zilizobaki usitupe. Chukua vijiti vya pamba, chovya kimoja kimoja, viweke ndani ya kopo lenye kifuniko, funika, rudi kesho. Viwili vya lavenda na kimoja cha msandali, kwa mfano. Ukipenda, uwiano wako tayari unao, 2 kwa 1. Pia mimina vipande vya nta visivyo na utambi, vya kuyeyushia kwenye kifukizo. Utamaliza mafuta bila kuhangaika na tambi.

MkeshaWaNta

Sijaona mtu ametaja moto. Yeyusha nta ndani ya chombo kilichokaa kwenye sufuria yenye maji, usiweke nta moja kwa moja jikoni. Maji hayapiti nyuzi 100, kwa hiyo yanakulinda. Usiondoke. Nta ikishika moto, usimwagie maji hata kama umepaniki, italipuka na kusambaa. Zima jiko, funika kwa kifuniko.

Glasi iwe ya kuhimili joto, siyo glasi nyembamba za kunywea. Na yale maua makavu juu ya mshumaa yanapendeza pichani tu, kwa mwali ni kuni.

Kwenye lebo andika: kata utambi ubaki milimita 5 au 6, usiwashe zaidi ya saa 4 mfululizo, usiache bila mtu, weka mbali na pazia na watoto, acha kutumia nta ikibaki sentimita 1.

BintiNuru

Wakuu, nimerudi na mrejesho, mwezi na kitu umepita.

Nilinunua mzani na kipimajoto. Namba tatu za utambi nikazijaribu kwa lavenda na msandali, asilimia 8. Ya kwanza ilichimba shimo kama zamani. Ya tatu ilipaka glasi masizi. Ya katikati, dimbwi likafika ukingoni saa ya tatu, na mdogo wangu alipoingia kutoka nje akauliza nani amepaka mafuta. Nimeweka wino kwenye daftari kwa mkono unaotetemeka.

Vanila ile namba ya katikati haikuiweza, ikabidi nipande moja, kama FundiNta alivyosema. Imebaki kahawia, nimeihamishia kwenye glasi nyeusi.

Ndimu imenishinda. Nimesubiri wiki mbili kamili, dimbwi zuri, harufu hamna.

ManukatoYaJioni

Hongera dada. Ndimu usiiache peke yake, ichanganye na mchaichai. Una shina lilelile la uchachu ila unashikilia zaidi.

BintiNuru

Mchaichai sina.

Kibatari

Yaani kati ya 22?