Zawadi za wateja na wastaafu: jina la mpokeaji au nembo ya kampuni?

Mleta mada:
Habari zenu, wadau. Nimepewa jukumu la kuandaa zawadi za mwisho wa mwaka kwa wateja wetu wakubwa wapatao 40, pamoja na wafanyakazi wanaostaafu. Kila mwaka tumekuwa tukigawa kalamu na vikombe vyenye nembo, na tukiwatembelea wateja tunavikuta vingi bado vimo ndani ya maboksi. Safari hii menejimenti inataka zawadi itakayoonyesha kwamba tunamfahamu anayepewa, lakini bajeti ni ileile. Nianzie wapi?

Jibu la 1:
Ndugu mleta mada, orodha ya watu itangulie orodha ya bidhaa. Waombe maofisa wanaowahudumia wateja hao waeleze kwa ufupi kila mmoja wao anafanya kazi gani hasa, anasafiri au anashinda ofisini, na mmekamilisha naye jambo gani. Anayeandika kwa mkono wa kushoto, kwa mfano, husumbuliwa na daftari lenye waya ubavuni kwa sababu mkono wake huulalia waya huo, ilhali lenye waya juu litamfaa, wala tofauti hiyo haihitaji bajeti mpya. Nembo ningeificha ndani ya jalada, na jina la mpokeaji likae nje, maana kitu chenye nembo kubwa ni tangazo, na sijamwona mtu anayeshukuru kwa kupewa tangazo. Kadi nayo iandikwe kwa mkono na anayemfahamu mteja, itaje kazi yenyewe mliyoifanya.

Jibu la 2:
Naongeza upande wa ufundi. Maandishi ya wino juu ya chupa ya chuma hufifia kadiri inavyooshwa, lakini yaliyochongwa kwa leza hudumu, kwa kuwa leza huondoa rangi ya juu na kuacha chuma chenyewe kionekane. Ngozi halisi hupendeza ikigongwa mhuri wa moto. Ngozi bandia ya PVC, yaani aina ya plastiki, isipitishwe kwenye leza, kwani hutoa gesi yenye sumu. Tahajia ya majina ihakikiwe kwenye barua pepe za wahusika wenyewe, na cheo kisichongwe kabisa, kwa sababu watu hupandishwa.

Jibu la 3:
Mnasahau sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003 unagusa hata hongo katika sekta binafsi, na kampuni nyingi zina ukomo wa thamani ya zawadi. Ulizia ukomo huo mapema, zawadi ipelekwe ofisini, na anayetathmini zabuni yenu asipewe chochote kwa sasa.

Mleta mada:
Nashukuru sana. Na wastaafu je?

Jibu la 1:
Kwao waulize wenzao wa idara, si ofisi ya rasilimali watu. Albamu ya picha za kazini, yenye maneno ya kila mwenzake kwa mwandiko wake, huchukua muda mrefu kukusanywa, kwa hiyo anza sasa.