Jumamosi usiku runinga ni marudio matupu: sisi ndio tuliondoka, au wao ndio walituacha?

Mshika_Rimoti:

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanisumbua, na humu najua kuna watu waliowahi kufanya kazi kwenye vituo vya televisheni.

Mama yangu ana miaka 78. Tangu apate kiharusi, mkono na mguu wa kushoto hauna nguvu. Siku za kazi anakaa na dada yangu, Jumamosi jioni ni zamu yangu. Namweka kwenye kiti chake cha mikono, namfunika miguu, ikifika saa mbili kasoro nawasha runinga. Kila wiki ni yale yale: tamthilia aliyoiona Jumatano inarudiwa, inafuata filamu iliyokwishapita mara nne, kisha vipande vilivyookotwa kwenye vipindi vya miaka iliyopita vikaunganishwa. Wiki mbili zilizopita mama alimtangulia mwigizaji. Alisema sentensi nzima, mwigizaji akaja nyuma yake kama mwangwi. Kisha akanigeukia: "Hivi hawa hawajui kama kuna watu nyumbani?"

Sikuwa na jibu.

Nilipokuwa mdogo Jumamosi ndiyo ilikuwa na kipindi kizuri kuliko siku zote. Ilibidi uwe umeshaoga na viatu vya shule umeshavipiga rangi. Marehemu baba alikuwa haketi mpaka asikie muziki wa kuanzia. Ukikosa umekosa, na Jumatatu unakaa kimya wenzako wakisimulia. Leo nikiuliza naambiwa "Jumamosi watu wanatoka". Lakini hata enzi zile watu walikuwa wanatoka! Harusi na dansi hazikuanza juzi. Na kuna ambao hawatoki kabisa: wazee, wagonjwa, wanaowauguza, wenye watoto wachanga.

Sasa nani alianza kuondoka, mtazamaji au kituo?

Mpanga_Ratiba:

Pole sana kwa kuuguza, mkuu. Mpe mama shikamoo yangu.

Nilifanya kazi miaka tisa idara ya matangazo ya kituo kimoja, nikueleze nilichokiona. Anayenunua nafasi ya tangazo analipia idadi ya watu, lakini analipia na siku pia. Tuseme filamu inaanza kuonyeshwa kwenye kumbi Ijumaa: mwenye filamu anataka uone tangazo lake Alhamisi usiku, ukiwa bado unapanga utakwenda wapi. Mwenye duka naye anataka akupate kabla hujatoka na orodha yako. Ikifika Jumamosi saa tatu usiku, umeshanunua na filamu umeshaiona. Kwa hiyo tangazo lile lile, kwa watu wale wale, lina thamani ndogo zaidi. Hapo ndipo kidonda kilipo.

Ukitaka kuona lilivyotokea, angalia Marekani, kwa sababu kule mporomoko ulikuwa mkubwa na unaonekana wazi. Msimu wa 1973 hadi 1974, watu wa kituo cha CBS walipanga kila Jumamosi usiku vichekesho na burudani zao: All in the Family, M*A*S*H, The Mary Tyler Moore Show, The Bob Newhart Show na The Carol Burnett Show. Vitano mfululizo, usiku mmoja! Hao ni watu waliokuwa wanaijali Jumamosi. Miaka ya 80 zikaja mashine za kanda za video na maduka ya kukodi kanda, na chaneli za kulipia zikaongezeka. Hata hivyo kituo cha NBC waliiweka The Golden Girls, kichekesho cha wanawake wanne watu wazima, Jumamosi kuanzia 1985, ikadumu hadi 1992, na watu walikaa nyumbani kuitazama. Miaka ya 90 CBS bado walikuwa na tamthilia za Dr. Quinn na Walker, Texas Ranger usiku huo huo. Baada ya hapo, miaka ya mwanzo ya 2000, vituo vikubwa vikaacha kutengeneza tamthilia mpya za Jumamosi, kimoja baada ya kingine. Yakaingia marudio, habari za uhalifu, na michezo.

Kilichoniuma kazini ni ule mzunguko. Bajeti ya Jumamosi inakatwa, kipindi kinakuwa dhaifu, watazamaji wanapungua, halafu kwenye kikao mtu anaweka karatasi mezani: "Mnaona? Jumamosi hakuna watu." Nilisema mara mbili kwamba karatasi ile inapima uamuzi wetu wenyewe. Sikuungwa mkono. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mtazamaji alipiga hatua moja nje, kituo kikafunga mlango.

Dada_wa_Sebuleni:

Mpanga_Ratiba umeeleza vizuri, ila hoja ya pesa za matangazo haitoshi. Uingereza Jumamosi haikufa. Strictly Come Dancing, shindano la dansi la BBC, ilianza 2004 na ni ya Jumamosi usiku mpaka leo. Utasema BBC haitegemei matangazo, inaendeshwa kwa ada ya leseni. Sawa. Lakini wenzao wa kituo cha ITV wanaishi kwa matangazo, na The X Factor, shindano la kuimba, ilishika Jumamosi zao kuanzia 2004 hadi 2018. Soko ni lile lile la watu wanaotoka na maduka yanayofungwa. Tofauti ni kwamba walitengeneza kitu ambacho ukikiona Jumapili kimeshachacha: ni mubashara, watu wanapiga kura, mtu anaaga shindano na familia nzima inabishana.

Ujerumani nao walikuwa na kipindi cha burudani cha Jumamosi, Wetten, dass..?, cha kituo cha ZDF tangu 1981. Kuna waliozaliwa, wakaoa na kupata watoto kikiendelea, kikaja kusimama 2014. Na mtangazaji Don Francisco alianza Sábado Gigante (yaani "Jumamosi Kubwa") nchini Chile mwaka 1962, akaihamishia Marekani, kipindi cha mwisho kikarushwa Septemba 2015. Zaidi ya miaka hamsini ya Jumamosi! Mtu hawezi kuniambia kwamba siku yenyewe ndiyo mbaya.

Ninachokiona mimi ni kwamba hata palipobaki uhai, umebaki wa aina moja: mashindano, dansi, kuimba, mpira. Hadithi imeondoka. Tamthilia iliyoandikwa kwa utulivu, yenye watu unaowajua kwa majina, ndiyo iliyofukuzwa Jumamosi. Mshika_Rimoti, mama yako hakuwa anataka kumpigia kura mtu, alitaka hadithi asiyoijua mwisho wake.

Kijana_wa_Zamani:

Naongezea Ijumaa, kwa sababu yale yale yaliikuta mapema. Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga, ilikuwa inakaribia kufutwa, watazamaji wakaandika barua nyingi sana, NBC wakakubali kutoa msimu wa tatu. Kisha mwaka 1968 wakaupeleka Ijumaa saa nne usiku, saa ambayo vijana walioipenda walikuwa nje. 1969 ikafutwa. Baadaye vituo vya mikoani vikaanza kuirudia saa za jioni za kawaida na ikapata umaarufu kuliko ilipokuwa mpya. Yaani watu walikuwepo muda wote, waliwekewa kipindi chao mahali ambapo hawakuweza kukifikia. Kila nikisoma habari hii nasikia uchungu.

Mdogo_Wenu:

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 24, nimekulia kwenye intaneti, naomba nichangie kidogo.

Sisi tulipoacha runinga hatukuwa na Jumamosi ya kuiacha, tuliikuta tayari ni marudio. Mwaka 2013 Netflix walitoa msimu mzima wa tamthilia ya House of Cards siku moja, na huo ukawa mtindo. Unakesha unamaliza vipande vyote, Jumatatu huna wa kuongea naye kwa sababu mmoja yuko kipande cha pili, mwingine cha tisa, mwingine hajaanza. Mnaposimulia kungojea, naona wivu kweli.

Kaka Mshika_Rimoti, chagua tamthilia moja ndefu ambayo mama hajawahi kuiona. Uwe na kipande kimoja tu, Jumamosi, saa ile ile, hata kama vyote vipo. Na dada yako naye asitangulie. Sisi chuoni tulikuwa watano tukafanya hivyo muhula mzima.

Mshika_Rimoti:

Nimerudi. Nimesoma kila neno na mengine nimemsomea mama. Yale ya The Golden Girls yalimgusa, akaniambia nirudie: wanawake wanne watu wazima, Jumamosi usiku, miaka saba. Akasema, "Basi zamani walitujua."

Mpanga_Ratiba, ahsante kwa kusema ukweli wa kile kikao. Nilikuwa nadhani labda ni uzee wangu unaosema. Dada_wa_Sebuleni, umelitaja lile nililoshindwa kulitaja: hadithi.

Ushauri wa mdogo wetu tumeufuata kwa Jumamosi tatu sasa. Tatizo la kwanza lilikuwa dogo ila la kweli: mama hawezi kutumia simu wala ile menyu yenye picha nyingi, inamchanganya. Kwa hiyo natayarisha kipande mapema, nakisimamisha mwanzoni, kioo cha runinga kikiwa cheusi. Saa mbili kamili nabonyeza. Wiki ya kwanza alisinzia katikati. Ya pili alibaki macho mpaka mwisho akaniuliza mbona kimekatika pale. Nikamwambia kinaendelea Jumamosi. Alinyamaza kwa muda, akauliza yule fundi wa saa atamwambia mkewe au hatamwambia. Nikasema sijui, na kweli sijui, sijatangulia.

Juzi Alhamisi dada yangu alinipigia simu. Mama amemwomba amsogezee kiti chake kitazame saa ya ukutani, na amemkataza kugusa rimoti mpaka nifike.