Tupeane uzoefu: walimu na matabibu wa dawa za Kichina waliotupitisha mikononi mwao

Mtoto wa Wete

Wakuu, juzi nimepokea ujumbe kutoka Nanjing kwamba mwalimu wetu wa dawa amefariki. Tulimwita Laoshi tu, yaani mwalimu, na mpaka leo nikilisikia neno hilo sura inayonijia ni ya kwake: mama mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, viganja vinanukia mdalasini. Usingizi umeniruka. Naomba aliyewahi kufundishwa au kutibiwa na watu wa aina yake asimulie hapa. Naanza mie.

Nilikwenda kusomea tiba ya Kichina huko Nanjing, mkoa wa Jiangsu, ule ule unaotuletea madaktari Zanzibar tangu 1964. Siku ya kwanza Laoshi hakufungua kitabu. Alitupeleka chumba cha dawa, mbele ya kabati la droo ndogondogo lililofika darini, akavuta moja na kunitilia kitu mkononi. Karafuu! Mie niliyelelewa kwa pesa za karafuu nilisimama pale nikashindwa kusema. Akanieleza kuwa wenyewe huziita dingxiang: ding ni msumari, xiang ni harufu nzuri. Huzitumia kwa tumbo lililoingia baridi na kwa kwikwi isiyokoma. Akavuta droo nyingine, ubani. Nyengine, manemane. Utomvu huo umekuwa ukivuka bahari kutoka Somalia na Arabuni kwa karne nyingi, na wao humpa mtu aliyeanguka akavilia damu. Kwanza huukaanga kwa siki ili usimchafue tumbo.

Tulihifadhi dawa kwa mashairi, kama tulivyohifadhi chuoni utotoni. Kuna shairi la dawa zisizopatana, na ndani yake karafuu imekatazwa kukutana na yujin, mzizi wa jamii ya manjano. Nikanyoosha mkono: "Laoshi, mama yangu hutia karafuu na manjano chungu kimoja." Darasa likacheka. Yeye hakucheka, aliandika kwenye daftari lake. Wiki iliyofuata akaniambia: "Nimepika, nimekula, sikudhurika. Lakini ukiandika dawa, fuata shairi. Mama yako anamjua anayempikia. Wewe mgonjwa umemwona leo tu."

Kila dawa aliionja mbele yetu, kisha tukaonja sisi. Isipokuwa fuzi, mzizi wa akoniti. Hiyo aliiweka juu ya karatasi, akatukataza hata kuinusa kwa karibu. Ikiwa mbichi ni sumu ya moyo, na hata ikishatengenezwa huchemshwa peke yake kwanza, muda mrefu, ndipo nyengine zifuate. Aliyesahau hilo kwenye mtihani alianguka, hata kama mengine yote amepata.

Mzigo Guangzhou

Pole sana ndugu. Mimi dawa sikusomea, nilikuwa nafuata mzigo Guangzhou, nalala Xiaobei. Januari moja baridi ilinikamata vibaya: homa, shingo imekakamaa, jasho jembamba lisiloisha. Rafiki akanipeleka kwa mzee mmoja tabibu, amezungukwa na wanafunzi kama wanne. Akaniwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, kushoto kisha kulia, akatazama ulimi. Halafu kila mwanafunzi akanipima na kusema alichohisi, na mzee akawasahihisha mmoja mmoja. Nilikaa karibu saa nzima, na sikuona nimepotezewa muda.

Dawa ilikuwa vitu vitano: vijiti vya mdalasini, mzizi wa peoni, tangawizi, kunazi kavu na urukususu. Kilichonishangaza ni maelekezo. Kunywa ya moto, ngoja kidogo, kunywa uji mwepesi wa moto, jifunike, utoke jasho la kulowanisha ngozi tu, lisitiririke. Mwanafunzi aliyekuwa akinitafsiria akasema hata huo uji umeandikwa na Zhang Zhongjing, tabibu wa miaka 1,800 hivi iliyopita. Bibi yangu Tanga alinifanyia vivyo hivyo, tangawizi, uji na blanketi, na kitabu hicho hajawahi kukisikia.

Nilitaka kununua ya miezi mitatu nirudi nayo nyumbani. Mzee akakataa kabisa. Akanipa ya siku tatu: "Mwili ukibadilika, dawa nayo inabadilika. Rudi nikuone."

Mfamasia Moro

Wa kwangu alikuwa Beijing. Somo lake kubwa lilikuwa qinghao, mmea uliozaa dawa ya malaria tunayoijua sisi sote, maana ndani ya mseto mna kitu kilichotokana nao. Aliingia na ndoo ya maji na majani mabichi, akatuambia tuchukue konzi moja, tuloweke, tukamue, tuchuje. Hakuna kuchemsha. Ndivyo alivyoandika Ge Hong, tabibu wa kale wa Kichina, katika karne ya 4. Tu Youyou, mtafiti wa Kichina, na wenzake walihangaika na mmea huo, matokeo yanakuja na kupotea, mpaka aliporudi kwenye sentensi ile akashuku kwamba moto ndio unaoiua dawa. Akaitoa kwa etha, kwa joto dogo, na mwaka 1971 ikafanya kazi kwa wanyama. 1972 akainywa mwenyewe kabla ya kupewa mgonjwa yeyote. Nobel ilikuja 2015.

Mikono yetu ikiwa bado ya kijani, mwalimu akatugeukia sisi wa Afrika. Akasema tusithubutu kumpa mtoto mwenye malaria chai ya majani haya badala ya mseto, kwa sababu kwenye kikombe hujui umempa kiasi gani. Nimelirudia neno hilo dirishani kwangu mara nyingi mno.

Dada wa Kurasini

Poleni. Ila niseme ukweli, mama yangu mdogo aliharibika figo baada ya kumeza vidonge alivyouziwa na mchuuzi kama dawa ya Kichina ya kupunguza mwili. Nikisoma mnavyowasifu moyo unauma.

Mtoto wa Wete

Dada, mpe pole mama. Naamini Laoshi angetaka kukusikiliza kuliko sisi sote. Alitufundisha kisa cha Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990: kwenye dawa ya kupunguza unene, mahali pa mzizi uitwao fangji ukatiwa mwingine, guang fangji, kwa kuwa majina yanashabihiana, na huo wa pili una asidi inayoua figo na kuleta saratani. Wanawake wengi waliumia. Hakusema ni kosa la Wazungu. Alisema ni deni letu tunaouza mizizi. Alitupangia vipande vya hiyo mizizi miwili mezani, na lenzi, na hakuna aliyetoka mpaka avitofautishe.

Kila nikienda likizo aliniagiza karafuu za Pemba, nusu kilo, na kila mwanafunzi mpya alipewa punje moja siku ya kwanza. Niliendelea kumtumia hata baada ya kuhitimu. Binti yake ameniandikia kwamba kopo limebaki nusu, je, anirudishie? Nimemwomba awape wanaoanza Septemba.