Mrejesho: Ombi langu la kwenda kujitolea Ujerumani

Ndugu zangu, mwaka jana niliwauliza jinsi kijana wa Moshi mwenye umri wa miaka 23 anavyoweza kwenda kujitolea Ulaya bila kumlipa wakala, nami nawashukuru sana wote mlionijibu. Aliyenieleza kwamba European Solidarity Corps, mpango wa Umoja wa Ulaya wa vijana wanaojitolea, haiwachukui waombaji wanaoishi Tanzania aliniokolea muda mwingi.

Niliomba kupitia weltwärts, mpango wa kujitolea unaofadhiliwa na serikali ya Ujerumani, nikakataliwa, ndipo nikafuata ushauri wa pili, wa kuviandikia moja kwa moja vituo vinavyopokea watu wa Bundesfreiwilligendienst (huduma ya kujitolea ya serikali kuu ya Ujerumani), na barua ya tisa ikajibiwa na nyumba moja ya kutunzia wazee. Viza ilichelewa miezi miwili, na nauli ya ndege nilijilipia mwenyewe, jambo ambalo, niseme kweli, hakuna aliyenitahadharisha.

Sasa nina mwezi wa nne hapa. Napewa chumba, chakula na posho ndogo, pamoja na siku 25 za semina kwa mwaka kwa kuwa sijafikisha miaka 27. Kijerumani cha darasani kiliniangusha mbele ya wazee wanaozungumza lahaja yao, kwa hiyo atakayefuata aanze kujifunza mapema kuliko nilivyoanza mimi. Wakala yule sikumpa hata senti.