Kuteleza mawimbini Sri Lanka: Agosti au Januari, na ubao tubebe au tukodi?

Bahari_Mbali
Wadau, hamjambo. Mimi na mume wangu tunataka kwenda Sri Lanka wiki mbili kuteleza mawimbini. Kazini nimeambiwa nichague likizo ya katikati ya Agosti au ya mwisho wa Januari. Malindi, kwenye povu la mawimbi yaliyokwisha kuvunjika, tunasimama bila shida, lakini wimbi ambalo halijavunjika bado linatutupa. Kuogelea tunajua. Tuna ubao mmoja mgumu wa futi 7 na inchi 6. Twende mwezi upi, upande upi wa kisiwa? Ubao tubebe au tukodi? Na hapa Nairobi, mbali na bahari, tufanye mazoezi gani?

Kaskazi_na_Kusi
Dada, angalia upepo kabla ya tiketi. Pwani yetu ina kusi na kaskazi, na Sri Lanka nayo ina misimu hiyohiyo miwili. Mei hadi Septemba upepo wa kusini-magharibi unapiga pwani ya kusini na ya magharibi, bahari inachafuka na mawimbi yanavunjika ovyo. Miezi hiyo watu wote huhamia mashariki, Arugam Bay. Desemba upepo hugeuka ukawa wa kaskazini-mashariki, na kwa pwani ya kusini huo unatoka nchi kavu. Unalikabili wimbi usoni, linachelewa kuvunjika na uso wake unakuwa laini. Mawimbi yenyewe huletwa na dhoruba za mbali kusini mwa Bahari ya Hindi, kwa hiyo hayakosekani mwaka mzima. Kinachobadilika ni upande ambao yanafika yakiwa safi.

Kwa kiwango chenu nasema Januari, Weligama, pwani ya kusini. Ghuba ile chini ni mchanga na wimbi linavunjika polepole, ndiyo maana shule nyingi za wanaoanza ziko hapo. Agosti ingewapeleka Arugam Bay, na wimbi kuu la pale ni refu, linavunjika kuelekea kulia kwa anayeteleza, likizunguka rasi yenye mawe, na mwezi huo limejaa watu wanaolijua. Pembeni kuna Baby Point na Whisky Point ambazo ni pole, lakini kila mgeni anaambiwa aende hizohizo. Halafu kuna safari: kutoka uwanja wa ndege wa Katunayake hadi Weligama ni kama saa tatu kwa gari kupitia barabara ya kasi, ilhali Arugam Bay ni saa saba au nane.

Ingieni majini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kunapopambazuka. Kuanzia saa nne au saa tano upepo wa bahari huanza kuvuma na uso wa maji unaharibika.

Fundi_wa_Mbao
Ubao acheni nyumbani. Anayejifunza kushika wimbi ambalo halijavunjika anahitaji ubao laini wa sponji wa futi 8, na aliyezidi kilo 80 achukue wa futi 9. Ule wa futi 7 na nusu mnaweza kusimama juu yake, lakini hauwapi mwendo wa kutosha wa kulikuta wimbi mapema, na nadhani hapo ndipo mnapotupwa. Mnachelewa, mnasimama wimbi likiwa limeshakuwa ukuta, pua ya ubao inazama.

Weligama ufuo mzima una mbao za kukodi. Kabla ya kulipa, pigeni picha pande zote mbili, kingo na mkia mbele ya mwenyewe, la sivyo ufa wa zamani utakuwa wenu. Tikiseni mapezi kwa mkono, kisha vuteni kamba ya mguuni sehemu inapoungana na mkanda wa kifundo cha mguu. Ikiwa na mkato hata mdogo, ombeni nyingine.

Maji_Kujaa
Niongeze jambo ambalo watu wa pwani yetu hukosea wakifika kule. Mombasa wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo tumezoea kupanga siku nzima kwa jedwali la maji. Sri Lanka tofauti ya kujaa na kupwa haifiki mita 1. Weligama karibu haibadilishi kitu. Kwenye mwamba, kama Midigama, hata nusu mita ni kubwa, kwa sababu maji juu ya mawe ni machache tangu mwanzo. Huko ingieni maji yakiwa yamejaa au yanajaa.

Kwenye utabiri msisome urefu wa wimbi peke yake. Tazameni pia sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mita 1 kwa sekunde 14 imetoka mbali, na ikigusa kina kidogo inapanda juu kuliko namba inavyoonyesha. Mita hiyohiyo kwa sekunde 7 ni vurugu za upepo wa karibu, na nguvu yake ya kuwabeba ni ndogo. Wiki ya kwanza tafuteni siku za nusu mita hadi mita 1. Zikizidi mita 1.5 na sekunde ni nyingi, kaeni kwenye povu.

Bahari_Mbali
Asanteni sana, Januari imeshinda. Ila mume wangu hakubali kuacha ubao. Anasema wiki ya pili atautaka.

Fundi_wa_Mbao
Basi aufunge ipasavyo. Kabla ya kununua tiketi, aliandikie shirika la ndege aulize urefu wa juu unaoruhusiwa, na kama ubao unahesabiwa ndani ya kilo za mizigo au unalipiwa peke yake. Jibu alitunze, alionyeshe kaunta ya uwanja wa ndege wa JKIA. Safari ya kuunganisha Dubai, Doha au Sharjah iwe tiketi moja hadi Colombo. Zikiwa mbili tofauti, ubao unaweza kulipiwa mara mbili.

Kufunga: ng'oa mapezi na kamba, weka kwenye mfuko mdogo pamoja na ufunguo wake wa pembe sita, maana ukipotea huwezi kuyarudisha. Pua, mkia na kingo ndizo huvunjika, si tumbo. Zizungushie mirija ya sponji ya kufunikia mabomba ya maji moto, ipasue kwa urefu na uifunge kwa utepe wa gundi wa karatasi. Nta yote, ile inayopakwa juu ya ubao miguu isiteleze, ikwanguliwe, kwa sababu begi likikaa juani uwanjani inayeyuka na kuenea kila mahali. Nta ya kupaka kule iwe ya maji ya joto. Bahari ni nyuzi 27 hadi 29, na ile ya maji baridi inageuka uji.

Resini, ile gundi ya kuzibia ufa, asipakie, ni kitu kinachowaka na haipandi ndege. Akipata ufa, atoke majini, aukaushe ubao kabisa kivulini ndipo atafute fundi. Ukifunga unyevu ndani, ubao unaoza na kuwa mzito. Na ajue ubao wake ni wa nini. Kama ndani ni sponji nyeupe ya punjepunje, resini ya poliesta itaiyeyusha. Lazima iwe epoksi.

Dimbwi_la_Kasarani
Mazoezi: kinachochoka kwanza ni mabega, si miguu. Ogeleeni mita 400 mtindo huru bila kusimama, mara tatu kwa wiki, na zikiwa rahisi ongezeni vipande vya mita 25 kwa kasi, kwa sababu kulifukuza wimbi ni juhudi fupi kali. Nyumbani lala kifudifudi, mikono kando ya mbavu, ruka usimame kwa tendo moja, goti lisiguse sakafu. Macho yatazame mbele; ukitazama miguu unaanguka. Kushindana kubana pumzi chini ya maji mkiwa peke yenu msijaribu hata kidogo. Mtu huzimia bila dalili.

Karatasi: anayetoka Kenya anadaiwa kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia, na aliyewahi kuchanjwa hahitaji kurudia. Kibali cha kuingia kiombwe kwenye tovuti ya serikali yenyewe. Tovuti za mawakala hufanana nayo na huongeza ada yao.

Kaskazi_na_Kusi
Na adabu ya majini, kwa kuwa Weligama hujaa: aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi. Mkirudi nje kungojea wimbi jingine, zungukeni kando, msikate mbele ya anayeteleza. Ubao msiuachilie mkaitegemea kamba. Kamba ya futi 8 na ubao wa futi 8 ni zaidi ya mita 4 za kumgonga mtu aliye nyuma yenu.