Mjadala: jengo likiwa la udongo ndo tayari ni la jamii?

Wakuu naomba tulijadili hili. Kila jengo dogo la kijijini likisifiwa, iwe shule au zahanati, sifa ni zilezile, limejengwa kwa udongo, mianzi na mawe ya palepale kwa hiyo ni la jamii. Mimi hiyo "kwa hiyo" naipinga. Kwangu jengo ni la jamii kama fundi wa hapohapo anaweza kulitengeneza likiharibika bila kumsubiri msanifu aliyelichora.

Angalieni shule ya msingi ya Gando kule Burkina Faso, iliyochorwa na msanifu majengo Francis Kéré, ikakamilika 2001. Watu husifia udongo wake tu, ila wanakijiji wenyewe mwanzoni waliutilia shaka, wanajua mvua inavyokula ukuta wa tope. Sasa pale tofali zilichanganywa na saruji kidogo, paa la bati likainuliwa juu ya dari na kutokeza nje ili mvua isipige ukuta na hewa ya moto ipate pa kutokea, na hilo paa limebebwa na nondo za kawaida, yaani kijana akishafundishwa kukata na kuchomelea anaziweza. Wanakijiji walijenga wenyewe, ufundi ukabaki palepale, na baadaye wakaongeza majengo mengine. Hapo ndo nasema jamii ipo.

Halafu angalieni New Gourna, Misri, kijiji kipya cha kuhamishia watu, miaka ya 1940. Msanifu Hassan Fathy alijenga kwa tofali za udongo, makuba ya kupendeza kabisa, lakini familia nyingi zikagoma kuhamia, maana riziki yao ilikuwa kule walikokaa, jirani na makaburi ya kale. Udongo upo, wenyewe hawapo.

JIBU: Mkuu fundi peke yake hatoshi. Ile shule ya kuelea ya Makoko, mtaa wa juu ya maji kule Lagos, kazi ya msanifu Kunlé Adeyemi, ilikuwa ya mbao juu ya mapipa ya plastiki na ikaanguka Juni 2016 baada ya mvua kubwa. Watu wa Makoko mbao na maji ndo maisha yao, huwezi kusema ufundi ulikosekana. Swali ni nani ananunua mbao mpya zile za kwanza zikichoka?

MLETA MADA: Hoja ya maana hiyo na wala haiko mbali na yangu. Hela ya kujenga hupatikana, kuna mfadhili, kuna siku ya ufunguzi na picha, ila hela ya kukarabati haimpi mtu sifa yoyote kwa hiyo hakuna anayeitenga. Ndo maana nataka kabla msingi haujachimbwa wenyeji wakae na msanifu waulizane paa likivuja nani anapanda, vifaa anavipata wapi na nani anamlipa, majibu yaandikwe kwenye mkataba kabisa. Msanifu akishindwa kujibu, abadilishe mchoro. Wanaoona huo ni mzigo wa serikali na si wa msanifu karibuni, ila mseme na kijiji kifanye nini wakati kinaisubiri hiyo serikali.