Ushauri wa haraka: mahamri 20, Excel yasema 2.71, kalkuleta yasema 2.64. Nishike jibu lipi?

Mwana_Majengo, saa 2:10 usiku
Assalaam aleikum jamani. Nina kazi ya takwimu ya mwaka wa kwanza, naiwasilisha kesho saa nne asubuhi na kichwa kimeshajaa. Tuliambiwa kila mmoja achague kitu kinachouzwa mtaani kwake, apime vipande 20, atafute wastani na mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka wastani), kisha aeleze kwa maneno namba hizo zinasema nini. Nimechagua mahamri ya mama mmoja hapa Majengo. Nimepima kwa mizani ya jikoni ya dijitali, inasoma gramu kamili bila nukta. Wastani ni gramu 60.68. Mchepuko sanifu ndio unaonisumbua: Excel inanipa 2.71, kalkuleta ya Casio fx-82MS inanipa 2.64. Data ni zile zile, nimeziingiza upya mara tatu. Nishike lipi? Na hiyo 2.71 ni kubwa au ndogo?

Sigma_Tudor, saa 2:31
Waaleikum salaam. Mashine zote mbili ziko sawa, ila zimejibu maswali tofauti. Kwenye fx-82MS ukibonyeza SHIFT halafu 2 utaona machaguo matatu: 1 ni wastani, 2 ni xσn, 3 ni xσn-1. Wewe umechukua la 2, linalogawanya kwa idadi yote. Kwenye Excel umeandika STDEV au STDEV.S, inayogawanya kwa idadi toa 1. Andika STDEV.P uone, itakupa 2.64 ile ile.

Kwa nini kutoa 1? Wastani uliotumia umeutoa kwenye mahamri hayo hayo, kwa hiyo umekaa mahali ambapo jumla ya miraba ya tofauti ni ndogo kabisa. Ungepima kutoka wastani wa kweli wa mahamri yote anayopika mama huyo, wastani ambao huujui, jumla hiyo haingepungua hata kidogo, na karibu kila mara ingezidi. Ukigawanya kwa idadi yote unapunja. Kupunguza kigawanyo kwa 1 ndiko kunakofidia, na huitwa sahihisho la Bessel, kwa jina la mwanafalaki wa Ujerumani Friedrich Bessel. Litazame na kwa upande huu: tofauti zote kutoka wastani zikijumlishwa lazima zitoke sifuri. Ukishazijua 19, ya 20 haina hiari tena.

Wewe una sampuli na unataka kusema habari za mahamri ya mama huyo kwa jumla. Shika STDEV.S. Lakini kwanza bonyeza SHIFT, 1, 3 uniambie n, yaani idadi ya vipimo, inasoma ngapi. Kumbukumbu ya zamani isipofutwa (SHIFT, MODE, 1, kisha =), data za jana huchanganyika na za leo na mtu asijue.

UngaNaTui, saa 2:40
Mimi nijibu la pili. Gramu 2.71 kwa wastani wa 60.68 ni chini kidogo ya asilimia 5. Kwa kitu kinachokatwa kwa kisu na jicho, mkono huo umetulia. Kama anataka kupunguza zaidi, tatizo haliko karaini, liko kwenye ubao. Donge likisukumwa duara likakatwa mara mbili kwa msalaba, msalaba ukikosa katikati hata kidogo, vipande vingine vinanenepa na vingine vinakonda. Apime madonge mabichi yalingane, asukume kutoka katikati kwenda nje, kisha ndipo akate.

Na wewe uliyepima, ulisubiri mafuta yachujike? Hamri likitoka karaini limepoteza maji na limebeba mafuta. Ukipima la kwanza likingali linachuruzika na la mwisho limeshakauka kwenye karatasi, sehemu ya mchepuko wako ni mafuta.

Mwana_Majengo, saa 2:47
Ahsante bi. Nilipima yote yakiwa yamepoa, saa moja baada ya kununua. Kwa hiyo 2.71 naweza kuandika kwamba "uzani wa mahamri haya unatabirika"? Chati nimeshaichora, nimeshaandika hadi hitimisho.

Mzee_Kibokoni, saa 2:55
Kijana, kazi hii huanzwa mapema, haingoji usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha. Weka mashine kando, ufanye kwa mkono mara moja tu. Chora safu tatu: uzani, tofauti kutoka wastani, mraba wa tofauti. Safu ya pili ijumlishe. Isipokaribia sifuri kabisa, kuna namba umeikosea, rudi nyuma kabla hujaenda mbele. Safu ya tatu ijumlishe, gawanya kwa idadi toa 1, hiyo ni variansi. Kipeuo chake cha pili ndicho mchepuko sanifu. Na usiutumie wastani uliokwisha kuukadiria hadi nukta moja, makosa hujilimbikiza ukifika kwenye miraba. Atakayeifanya kwa mkono hataulizwa na mwalimu akakosa la kusema.

Chati_Kisauni, saa 3:02
Naongezea jambo ambalo wengi hulichanganya. Mchepuko sanifu unasema mahamri yanatofautiana kiasi gani baina yao. Haukuambii wastani wako umekosea kwa kiasi gani. Kwa hilo ugawanye mchepuko kwa kipeuo cha pili cha idadi, upate kosa sanifu. Ukipima mahamri 200 badala ya 20, kosa sanifu litapungua, lakini mchepuko sanifu utabaki pale pale au karibu nayo, kwa sababu mkono wa mama haujabadilika. Na sampuli ndogo zina hesabu zake. Aliyezitafutia dawa ni William Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, mwaka 1908, akichapisha kwa jina la Student kwa kuwa mwajiri hakutaka jina lake litokee. Tatizo lake lilikuwa hili hili, vipimo vichache na uamuzi wa kufanya.

Pwani_Makini, saa 3:09
Wakuu, msichoke bure. Uzi huu umetungwa.

Someni tena alichoandika. Mizani inasoma gramu kamili. Mahamri ni 20. Basi jumla ya uzani ni namba kamili, na namba kamili ikigawanywa kwa 20 lazima iishie na .00, .05, .10, .15 na kuendelea hivyo. Wastani wa 60.68 ukizidisha kwa 20 unapata 1213.6. Jumla ikiwa 1213 wastani ni 60.65, ikiwa 1214 ni 60.70. Baina yake hakuna kitu. Hakuna mahamri 20 duniani yenye wastani huo kwa mizani hiyo. Namba zimetoka kichwani.

Nahodha_Likoni, saa 3:12
Tumesikia wafanyakazi hewa, sasa mahamri hewa!

Sigma_Tudor, saa 3:15
Hesabu ya Pwani_Makini haina kasoro, nimeirudia. Mwana_Majengo, nilikuuliza n inasoma ngapi, ukamjibu UngaNaTui ukaniruka mimi. SHIFT, 1, 3. Inasoma ngapi?

Mwana_Majengo, saa 3:34
Inasoma 19.

Sijatunga. Nilipima 20 kweli. Moja lilikuwa gramu 84 nikalitoa. Haya ndiyo yaliyobaki, kwa mpangilio wa kupimwa: 58, 61, 63, 60, 57, 62, 64, 59, 61, 60, 66, 58, 62, 55, 61, 63, 60, 59, 64.

Lakini nina sababu. Lile halikuwa hamri la kawaida. Mama alikusanya mabaki ya unga pembeni mwa ubao akayafanya kipande kimoja. Nikiliweka, mchepuko unaruka kutoka 2.71 hadi 5.84 na chati yote inaharibika. Niliambiwa kwamba kitu kikiwa mbali na wastani zaidi ya michepuko mitatu kinatolewa. Hili liko mbali zaidi ya mitatu. Kwa nini moja liharibu kazi ya 19?

Pwani_Makini, saa 3:41
Nimejumlisha. Ni 1153. Ukigawanya kwa 19 unapata 60.684. Neno la kutunga nalifuta na naomba radhi, vipimo ni vya kweli. Kosa ni kuandika 20 huku umehesabu 19.

Mzee_Kibokoni, saa 3:44
Mchepuko mkubwa si aibu. Kuficha kipimo ndiyo aibu. Mwalimu angeona 60.68 naye, angefikiri alivyofikiri Pwani_Makini, na usingekuwa na uzi wa kujieleza.

Sigma_Tudor, saa 4:05
Sasa tuna swali la kweli. Yaweke yote 20. Jumla ni 1237, wastani 61.85, jumla ya miraba ya tofauti 648.55, variansi 34.13, mchepuko sanifu 5.84. Tazama hilo la 84 peke yake: liko gramu 22.15 kutoka wastani, mraba wake ni kama 490.6. Yaani hamri moja limebeba asilimia 76 ya jumla yote, na 19 wanagawana robo iliyobaki. Ndivyo miraba inavyofanya kazi. Tofauti ikiwa mara kumi, uzito wake unakuwa mara mia.

Kanuni ya michepuko mitatu usiitegemee kwa sampuli ndogo. Kitu kilicho mbali huukuza mchepuko ule ule unaokipimia, kikajificha nyuma yake. Ukiwa na vipimo 10, hakuna kinachoweza kufika michepuko mitatu kamwe, hata ungeweka gunia la unga zima: kikomo ni 9 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 10, kama 2.85. Kwako, 84 liko 3.79, limepita. Lakini njia iliyo bora ni kupanga namba kwa ukubwa. Mediani, namba ya katikati, ni 61. Robo ya kwanza (katikati ya nusu ya chini) ni 59, robo ya tatu (katikati ya nusu ya juu) ni 63, baina yake gramu 4. Chukua mara moja na nusu ya hiyo 4, yaani 6, shuka kutoka 59, kisha panda kutoka 63: mipaka ni 53 na 69. Hilo la 84 liko nje wazi. Na angalia: ukilitoa au ukiliweka, mediani inabaki 61 na baina ya robo inabaki 4. Hizo hazitikisiki.

Ila kuwa nje ya mpaka si ruhusa ya kufuta. Ni ishara ya kwenda kuuliza. Kama mizani ilikosea au uliandika vibaya, rekebisha au toa. Kama kitu si cha kundi unalolisema, toa na useme umetoa. Kama ni cha kundi lakini nadra, kinabaki. Nijibu moja tu: hilo la mabaki mama aliliuza?

Mwana_Majengo, saa 4:11
Alilitia kwenye sinia pamoja na mengine, bei moja. Nilinunua yote 20 nikayapima. Limeshaliwa, siwezi kulipima tena.

Sigma_Tudor, saa 4:14
Basi mizani uiamini, na hamri ni la kundi. Kichwa cha kazi yako ni mahamri yanayouzwa.

Mwana_Majengo, saa 4:19
Na nikibadilisha kichwa kiwe "mahamri yaliyokatwa kutoka donge zima"? Hapo 19 zangu zinafaa na chati inabaki.

UngaNaTui, saa 4:23
Mabaki hutokea kila mapishi, kaka. Siku moja yatakuwa makubwa, siku nyingine madogo, lakini hayakosekani, labda ayagawe kwenye madonge ya mwisho. Si ajali iliyompata mama siku uliyonunua, ni sehemu ya kazi yake. Usilitoe. Ila usiandike pia kwamba moja katika kila 20 huwa hivyo, umeona sinia moja tu.

Sigma_Tudor, saa 4:30
Kubadilisha swali baada ya kuona jibu kunakubalika pale tu unapomwambia msomaji kwamba ulibadilisha na kwa nini. Ukimwambia, utakuwa umeshataja 84, kwa hiyo hujaponya chati. Andika matokeo yote mawili, la 20 likiwa ndilo kuu. Hiyo ndiyo kazi yenye alama nyingi, kwa sababu una jambo la kueleza. Na chora nukta za uzani kwenye mstari mmoja, usichore mihimili. Jicho litaona 19 zimesongamana baina ya 55 na 66, na moja peke yake kule.

Lingine: usiandike kwamba asilimia 68 ziko ndani ya mchepuko mmoja. Hiyo ni ya mgawanyo wa kawaida, wenye umbo la kengele. Kwenye 20 zako, kutoka 56.01 hadi 67.69 wamo 18, yaani asilimia 90. Mchepuko wa 5.84 ni sahihi kihesabu, lakini haumwelezi hamri wa kawaida wala yule wa mabaki. Liseme hilo.

Mwana_Majengo, saa 5:02
Nimeandika hivi, nisahihisheni:

"Mahamri 20 yalipimwa. Wastani ni gramu 61.85, mchepuko sanifu gramu 5.84, variansi gramu 34.13. Mediani ni gramu 61 na baina ya robo gramu 4. Hamri moja la gramu 84 lilitengenezwa kwa mabaki ya unga na liliuzwa pamoja na mengine. Bila hilo, mahamri 19 yana wastani wa 60.68 na mchepuko sanifu wa 2.71. Mengi yanakaribiana kwa uzani, na tofauti kubwa inatokana na hilo moja."

Chati_Kisauni, saa 5:08
Variansi ni gramu za mraba, si gramu. Ndiyo sababu tunachukua kipeuo, turudi kwenye kipimo kinachoeleweka sokoni. Mengine yako sawa.

Pwani_Makini, saa 5:10
1237 kwa 20 ni 61.85 kamili. Inaishia .85, imekubali.